Kempa Kuukuu ya Kukunjua Iwe Nyumba ya Safari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tulipofika na trela letu kwenye pikiniki ya Wakenya hapa Minnesota, simu yangu haijapumzika. Watu wanataka kujua tulilinunua wapi, na wengi wanashangaa nikiwaambia lilikuwa popapu ya mwaka 1996 iliyooza turubai, niliyoichukua nyuma ya nyumba ya mzee mmoja kwa dola 400. Mimi ni dereva wa lori, si seremala. Lakini nilikulia Nairobi karibu na gereji za kuunda bodi za matatu, na tangu utotoni niliona chasisi tupu ikiingizwa uani na kutoka baada ya wiki kadhaa ikiwa gari la abiria. Kazi hii ni ileile, ila ndogo zaidi. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa sana.

Popapu ni nini hasa, na mbona zinauzwa bei ya kutupa?

Ni kempa, yaani trela la kulala safarini, la aina ya kukunjua. Ikiwa barabarani ni boksi fupi lenye paa gumu. Ukifika kambini unazungusha winchi, paa linapanda juu ya nguzo nne, kisha unavuta vitanda viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, na turubai linafunika pande zote. Kampuni kama Jayco, iliyoanza mwaka 1968 huko Middlebury, Indiana, na Coleman, zilitengeneza nyingi mno, kwa sababu gari la kawaida la familia liliweza kuzivuta.

Kinachokufa kwanza ni turubai. Jua linalichoma, kuvu linaingia, panya wanatoboa. Turubai jipya la kempa kuukuu linaweza kugharimu kuliko kempa yenyewe, basi mwenyewe anaiacha uani miaka kumi mpaka mkewe anachoka kuitazama. Kumbe chini ya uozo huo kuna chasisi, ekseli, magurudumu na, ukibahatika, karatasi halali za umiliki. Hivyo ndivyo vitu unavyonunua. Ukiikagua popapu kwa jicho la mtu anayenunua chasisi, hutapotea.

Si rahisi zaidi kushonesha turubai jipya kuliko kujenga kuta ngumu?

Kwa anayekaa Florida, pengine. Sisi huku Oktoba ni baridi, na turubai halizuii baridi wala kelele za jirani. Tena kuna kambi zisizokubali kuta za kitambaa kabisa kwa sababu ya dubu. Fishing Bridge, ndani ya hifadhi ya Yellowstone, inapokea magari na matrela yenye kuta ngumu tu; popapu yenye turubai hairuhusiwi kulala pale. Mke wangu aliposoma hilo, mjadala wa turubai uliishia hapo.

Nikienda kuikagua, nianze wapi?

Anza na karatasi, halafu lala chini. Sakafu na paa utavitazama baadaye.

Beba bisibisi, tochi na kipande cha kadibodi cha kulalia. Ukiwa chini ya kempa, fuata chuma cha chasisi kuanzia mkono wa trela, yaani kile chuma cha mbele kinachofungwa garini, hadi nyuma. Kutu ya juujuu, ile ya rangi ya chungwa inayotoka ukiikwangua, haina neno. Kutu inayobanduka vipande kama magome ya mti ni habari nyingine. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa kinatoa sauti ya debe bovu. Chunguza hasa mahali springi zinapoungana na chasisi, na pale mkono wa trela unapokutana na boksi, maana nyufa hupenda kuanzia hapo.

Halafu sakafu. Chomeka ncha ya bisibisi kwenye plaiwudi kutoka chini, kwenye pembe nne na kuzunguka mlango. Ikizama bila kusukumwa, mbao imeoza. Sakafu iliyooza haikunifukuza mimi kwenye biashara, kwa sababu nilijua nitaing'oa, lakini ilinisaidia kushusha bei kutoka dola 700.

Mwisho soma kibandiko cha mtengenezaji, kwa kawaida upande wa kushoto mbele. Kinataja namba ya chasisi na uzito wa juu kabisa ambao trela zima, pamoja na mizigo, linaruhusiwa kufikia. Kipige picha. Namba hiyo ndiyo bosi wako kuanzia siku hiyo.

Na kama muuzaji hana karatasi?

Mimi nilikataa mbili nzuri kwa sababu hiyo. Sheria zinatofautiana jimbo kwa jimbo, na yapo majimbo yasiyotoa hati ya umiliki kwa matrela mepesi. Kwa hiyo piga simu ofisi ya usajili ya jimbo lako kabla hujatoa pesa. Hakikisha namba ya kwenye hati ni ileile iliyo kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Trela lililotengenezwa baada ya mwaka 1981 linatakiwa liwe na namba ya herufi na tarakimu 17. Mwandikiane hati ya mauzo yenye sahihi zenu wote wawili, hata kama mzee anasema haina haja.

Nibomoe kiasi gani?

Yote, hadi chuma. Wapo wanaobakiza lile paa la zamani na kujaza kuta ngumu katikati. Nimeona chache zilizofanikiwa, lakini paa lile lilitengenezwa likae juu ya nguzo nne, halikutengenezwa libebe kuta, na maungio yake yana umri wa miaka thelathini. Bomoa.

Kabla ya kubomoa, mambo mawili ya usalama ambayo sitaki mtu ayaruke.

La kwanza ni panya. Popapu iliyolala miaka mingi ina vinyesi vya panya chini ya viti na ndani ya magodoro, na panya wa huku Marekani wanaweza kubeba virusi vya hanta, vinavyoshambulia mapafu. Usifagie, usitumie mashine ya kunyonya vumbi. Fungua milango hewa ipite kwa nusu saa, vaa glavu na barakoa nzuri, nyunyizia jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, subiri dakika tano, ndipo ufute kwa karatasi na kutupa.

La pili ni mfumo wa kuinulia paa. Shusha paa mpaka chini kabisa, legeza kebo kwenye winchi, ndipo uanze kukata. Baadhi ya mifumo ina springi ndefu zilizobanwa, na springi iliyobanwa ikikatwa hairudi polepole.

Uzito unahesabiwaje? Kila mtu anasema kitu tofauti.

Hapa ndipo matrela mengi ya kujitengenezea yanapoharibika, na yanaharibika taratibu, kabati moja baada ya jingine. Mtu ana popapu yenye kikomo cha pauni 2,500. Anaweka sakafu ya plaiwudi nene, kuta za mbao za nyumba, sinki la chuma, tangi la maji la galoni 30. Galoni moja ya maji ni zaidi ya pauni 8, kwa hiyo tangi hilo peke yake ni pauni 250. Siku ya safari anapakia mizigo ya familia, baiskeli na sufuria za pilau, na hajui kwamba amepita kikomo kwa pauni 600.

Nilichofanya mimi: nilipomaliza kubomoa, nilivuta chasisi tupu hadi kwenye mizani ya malori. Madereva wenzangu mnazijua CAT Scale za kwenye vituo vya mafuta; wanapima hata trela dogo, wanakupa karatasi. Chasisi na magurudumu ilitoka pauni 520. Nikatoa kwenye 2,500, maana kikomo cha letu ni hichohicho, nikapata 1,980. Kutoka hapo nikatenga pauni 500 kwa ajili ya mizigo na maji, nikasema sitazigusa. Nilibaki na 1,480 za kujengea. Kila mbao iliyoingia niliipima kwenye mizani ya bafuni na kuiandika kwenye daftari lililoning'inia ukutani. Trela lilipokamilika lilikuwa na pauni 1,640, na tukipakia kwa safari ya wiki linafika 2,150, yaani kilo 975 hivi.

Jumla peke yake haitoshi. Angalia pia uzito unaokalia mkono wa trela. Unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Ukipungua, trela linaanza kuyumba kushoto na kulia, na kwa kasi ya barabara kuu kuyumba huko kunaweza kupindua gari. Kwa hiyo panga vitu vizito, betri, jokofu, sanduku la zana, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kamwe si kule nyuma kabisa. Letu lina pauni 240 mbele, karibu asilimia 11. Nilipima kwa mizani ya bafuni na gogo la mbao lenye urefu wa kufikisha mkono wa trela usawa wa gari.

Kuta nijenge na nini?

Nilisita kwa mwezi mzima kati ya aluminiamu na foamu. Aluminiamu inapendeza na inadumu, lakini inataka kiunzi cha mbao nyuma yake na mkono uliozoea kukunja bati. Nikachagua foamu ngumu ya kuzuia baridi, ile ya rangi ya waridi au ya buluu, inayouzwa kwa mabamba ya futi 4 kwa 8. Bamba la unene wa inchi 2 halifiki pauni 10, wakati plaiwudi ya nusu inchi ya ukubwa huo inakaribia pauni 45. Foamu inazuia baridi na kubeba umbo kwa wakati mmoja, nami niliweka mbao nyembamba pale tu panapohitaji skrubu: kuzunguka mlango, madirisha, kabati na pembe.

Angalia gundi unayotumia. Gundi nyingi zenye viyeyusho vikali zinaiyeyusha foamu mbele ya macho yako. Soma chupa, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Juu ya foamu nilivisha kitambaa cha turubai la pamba, lile wanalotandika wachoraji wa nyumba wasichafue sakafu. Kwanza nilikwaruza foamu yote kwa brashi ya waya ili gundi ipate pa kushika. Nikapaka gundi ya mbao inayostahimili maji, Titebond II, nikatandaza kitambaa, nikapaka gundi nyingine juu yake iliyolainishwa kwa maji, nikawa navuta kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Unaona kitambaa kikibadilika rangi kutoka cheupe hadi kijivu kinapoloa, na viputo vya hewa vinakimbia mbele ya plastiki. Ukiacha kiputo, kesho yake kimekauka kikiwa lengelenge, na itabidi ukikate kwa wembe na kukibandika upya. Kikikauka vizuri, paka rangi ya nje ya nyumba. Mkono wa kwanza uongeze maji ili rangi izame ndani ya nyuzi, kisha mikono mitatu au minne mizito. Ukigonga ukuta huo baada ya wiki mbili unalia kama ngoma iliyowambwa vizuri.

Mnazuiaje maji kuingia?

Mvua ya kwanza ilinifundisha. Nilikuwa nimeziba pembe za paa kwa silikoni ya bafuni iliyobaki nyumbani. Nililala humo usiku mmoja uani kujaribu, na saa nane za usiku nikasikia tone likidondoka kwenye godoro. Nilipofungua pembe ile asubuhi, silikoni ilibanduka yote kama utepe mmoja mrefu. Haishiki vizuri kwenye maungio yanayotikisika, na mahali ilipopita hapakubali rangi wala dawa nyingine ya kuziba. Ilinichukua siku mbili kukwangua mabaki.

Tangu hapo, chini ya kila dirisha, mlango, taa na ukanda wa pembeni natandika utepe wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaonata kama ulimbo. Haukauki na unakwenda na mtikisiko. Unakaza skrubu polepole, utepe unafura na kutoka pembeni, unakata ziada. Maungio ya juu ya paa yanazibwa kwa dawa maalumu ya matrela inayojisawazisha yenyewe, kama Dicor. Paa lenyewe liwe na mteremko, hata inchi mbili tu. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, panda ngazi ukague kwa vidole.

Gari langu litaweza kulivuta?

Fungua kitabu cha gari, usisikilize stori. Toyota Sienna, ambayo familia nyingi zetu zinaendesha, inaruhusiwa pauni 3,500. Matoleo mengi ya RAV4 ya petroli yanaishia 1,500, kwa hiyo trela kama letu si lake. Kumbuka pia kwamba kifaa cha kuvutia kinachofungwa nyuma ya gari kina daraja lake: la kwanza huishia pauni 2,000, la pili 3,500. Kinachokuongoza ni namba ndogo kuliko zote.

Jambo lingine ambalo watu hawalifikirii ni upepo. Popapu ikikunjwa ilikuwa inajificha nyuma ya gari. Sasa una ukuta. Kwenye barabara namba 61 kutoka Duluth kuelekea Gooseberry Falls, hifadhi yenye maporomoko ya maji, upepo wa Ziwa Superior ukija ubavuni unauhisi kwenye usukani.

Tairi na beringi za zamani zinafaa?

Tairi, hapana. Hata kama zina meno mazuri, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zikipita miaka sita, toa. Nunua zenye maandishi ST, yaani za trela. Nati za magurudumu kaza tena baada ya maili 50 za mwanzo.

Beringi zinafaa mara nyingi, ila zioshe na kuzitia grisi mpya mwenyewe. Weka grisi kiganjani, shika beringi kwa mkono mwingine, gongesha ukingo wake mpana kwenye grisi mpaka uione ikitokeza juu kati ya rola zake kama minyoo midogo. Zungusha, endelea mpaka mduara uishe. Ikiwa na mikwaruzo au rangi ya buluu, ilishaungua, badilisha. Rudia kazi hii kila mwaka; ni dola chache, na wanaoiacha ndio tunaowapita pembeni mwa barabara wakiwa na gurudumu limelala mtaroni.

Lazima liwe na breki?

Inategemea jimbo. Mengi yanadai breki trela likifika pauni 3,000, California ni 1,500. Mimi niliweka za umeme ingawa sikulazimishwa, kwa sababu ekseli yangu ilikuwa tayari na sahani za matundu manne za kufungia breki. Ukiziweka, weka pia swichi ya dharura yenye kebo, inayofunga breki trela likichomoka. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela. Na trela likifika upana wa inchi 80, sheria inataka taa za ziada za pembeni juu na zile tatu nyekundu za katikati nyuma.

Umeme?

Betri moja ya lithiamu ya 100Ah, paneli ya sola ya wati 100, taa za LED, feni, na chaja za simu. Fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana. Nasi imetutosha.

Tunaweza kupikia na kuota moto ndani?

Jikoni letu liko nyuma, unainua mlango na kupika ukiwa nje. Chapati ndani ya chumba cha futi 10 zitakuachia moshi na mafuta kwenye mablanketi.

Kuhusu moto nasema kwa uzito wote. Sisi tumezoea jiko la makaa, na baridi ya huku inashawishi. Usiingize jiko la makaa ndani ya trela, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata dirisha likiwa wazi. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Ning'iniza kengele ya kugundua gesi hiyo karibu na kitanda na uijaribu kila safari. Kwa joto tumia mablanketi mazito, au hita ya umeme kambi ikiwa na soketi. Na acha tundu la paa, lile la inchi 14 kwa 14, wazi kidogo usiku kucha, la sivyo pumzi zenu wawili zitageuka matone kwenye dari.

Choo?

Cha kubebeka, chini ya kiti. Bafu ni la kambini.

Lilikugharimu kiasi gani na muda gani?

Pamoja na zile dola 400, lilifika kama 3,800. Madirisha na mlango ndivyo vilivyokula zaidi, ingawa nilivinunua vikiwa vimetumika kutoka trela lililopata ajali. Muda ni miezi saba ya Jumamosi na Jumapili, na shemeji yangu alinisaidia siku za kuinua paa, maana kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja.

Ungeanza upya, ungebadilisha nini?

Ningelishusha urefu kwa inchi nne. Nilitaka nisimame wima ndani bila kuinama, lakini ndani humo tunalala na kukaa tu. Chakula na maongezi ni nje, chini ya kivuli. Na ningeweka dirisha upande wa kichwani. Asubuhi kule Gooseberry unasikia maji yakianguka, na mimi nimelala nikitazama kabati.